Jinsi ya kuandaa somo kwa mwanafunzi wa sekondari anayesoma kwa shida

Hii ni kwa mwalimu ambaye darasani kwake kuna mwanafunzi ukimweleza kwa mdomo anaelewa fresh lakini ukimpa ukurasa asome anakwama, iwe disleksia (shida ya kudumu ya kusoma na kuandika maneno, sio ukosefu wa akili) au kitu cha namna hiyo. Chukua somo moja tu la wiki hii, ukianza na silabasi nzima utachoka uache. Mimi natumia baiolojia, usanisinuru (mmea unavyojitengenezea chakula), ila hata historia inaenda hivihivi.

Hatua ya 1: jua anakwama wapi
Kaa naye pembeni (sio mbele ya wenzake tafadhali), mpe aya fupi ya kitabu asome mwenyewe, afu aya ingine msomee wewe, zote muulize maswali. Kama ile uliyomsomea anajibu vizuri na ile aliyosoma mwenyewe hajibu, shida iko kwenye maandishi. Akikwama zote mbili hapo mambo ni mengine, inaweza kuwa lugha ya kufundishia haijakaa sawa, au hasikii vizuri, kwa hiyo apimwe masikio na macho kwanza. Kumpa tatizo jina ni kazi ya wataalamu, lakini msaada wa darasani hausubiri cheti chao.

Hatua ya 2: andika sentensi moja
Kipindi kikiisha awe anajua nini? Mfano: mmea unatengeneza chakula kwa kutumia mwanga, maji na kaboni dayoksaidi. Hapa ndo walimu wengi wanaharibu, wanampa mtoto wa sekondari kazi ya shule ya msingi wakidhani wanamsaidia. Punguza maandishi, baiolojia iache kama ilivyo.

Hatua ya 3: maneno magumu yatangulie
Siku moja kabla, mpe maneno matano au sita, klorofili, stomata, glukosi na kadhalika. Ayasikie, ayatamke, ayakate silabi kwa silabi (u-sa-ni-si-nu-ru), achore kitu pembeni ya kila neno.

Hatua ya 4: tengeneza upya karatasi ya maswali
Hapa usiwe na haraka. Fonti isiyo na vikia (vile vimstari vidogo kwenye ncha za herufi) kama Arial au Verdana, saizi 12 hadi 14, nafasi kati ya mistari 1.5, maandishi yapangwe kushoto tu, usiyanyooshe pande zote mbili. Ukitaka kusisitiza tumia herufi nzito, herufi za kulala (italiki) na mstari chini vinamvuruga. Mwenye uoni hafifu huyo muanzie saizi 18.

Afu maswali yenyewe. Swali kama "Eleza jinsi mwanga, maji na kaboni dayoksaidi vinavyotumika kutengeneza chakula cha mmea huku ukitaja sehemu za jani zinazohusika" limebeba mambo manne, akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Likate:
a) Taja vitu vitatu mmea unavyohitaji.
b) Kaboni dayoksaidi inaingilia wapi kwenye jani?
c) Mwanga unanaswa na nini?
d) Eleza chakula kinavyotengenezwa.
Ona (d) bado ni ngumu, na inatakiwa iwe ngumu.

Kuna watu watakuuzia fonti maalumu za disleksia na plastiki za rangi za kufunika ukurasa. Ushahidi kwamba zinasaidia kusoma ni dhaifu, mtoto akizipenda mwache, ila hela ya shule usiitupe huko.

Hatua ya 5: darasani
Usimshtukize kumwambia asome kwa sauti, kamwe. Noti mpe zimeshaprintiwa maana akinakili ubaoni kipindi kinaisha hajasikia ulichosema. Kama shule inaruhusu simu au kompyuta, programu ya kusoma maandishi kwa sauti ni msaada mkubwa, earphone zikiwepo hasumbui mtu.

Hatua ya 6: kusahihisha na muda
Akiandika "klorofli" na maelezo yako sahihi, mpe maksi za baiolojia, tahajia sahihisha kivyake. Majibu mengine ayatoe kwa mdomo umwandikie anavyosema, bila kumrekebishia. Muda muongezee robo, jaribio la dakika 40 afanye 50, uone kama anautumia au anakaa tu. Kila ulichompa na matokeo yake andika na tarehe, kwa sababu ukija kumwombea muda wa ziada kwenye mtihani wa mwisho utaulizwa ushahidi, na hayo maombi yana deadline, kwa hiyo muulize msimamizi wa mitihani wa shule mapema.