Kompyuta Inajizima na Kujiwasha Yenyewe: Jua Kwanza Kama Iliacha Ujumbe

Uko katikati ya kazi, skrini inakuwa nyeusi ghafla, feni zinanyamaza, halafu mashine inaanza kuwaka upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Wengi hapo hukimbilia kupiga Windows upya. Tafadhali usianzie huko. Nimepokea mashine nyingi zilizokwisha kupigwa Windows mara mbili, picha na kazi za mwenyewe zimefutika, na tatizo liko palepale kwa sababu lilikuwa kwenye umeme.

Swali la kwanza ni moja: kabla ya kuzimika, kompyuta ilipata nafasi ya kuandika sababu, au haikupata? Jibu lake ndilo litakalokuambia ushike bisibisi au ubaki kwenye kibodi.

Hatua ya 1: Okoa mafaili

Nakili kila unachokithamini kwenye diski ya nje, leo. Mashine ikikatika huku inaandika, faili linaweza kubaki nusu, na huwezi kuchagua litakuwa lipi.

Hatua ya 2: Izuie kujiwasha

Windows huja ikiwa imepangwa kujiwasha upya kila inapoanguka. Ndiyo maana skrini ya bluu, yaani ujumbe wa kosa ambao Windows huonyesha ikianguka (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi yenye maandishi), hupita kabla hujasoma hata neno. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda kichupo cha "Advanced", fungua "Settings" ya chini kabisa, yaani ya "Startup and Recovery", kisha ondoa tiki kwenye "Automatically restart".

Sasa subiri ianguke tena. Skrini ya bluu ikitokea itaganda hapo, upige picha kwa simu. Ikikatika na kuwaka bila ujumbe wowote, basi Windows haikupata hata muda wa kujua kilichoipata, na macho yako yaelekee kwenye joto, umeme na vifaa.

Hatua ya 3: Soma kumbukumbu za mashine

Bonyeza tena Windows na R, andika eventvwr.msc, fungua "Windows Logs", kisha "System". Tafuta dakika ileile mashine ilipozimika. Namba tatu za safu ya "Event ID" zinatosha kuanzia.

1074 maana yake kuna aliyeagiza: mtumiaji, programu fulani au masasisho ya Windows. Ujumbe wenyewe unataja nani. Ukiikuta hii, hakuna ubovu. Panga tu saa za masasisho upya.

1001 yenye neno BugCheck maana yake Windows ilianguka na ikaandika sababu. Humo mna msimbo, na mara nyingi faili dogo la ushahidi limebaki ndani ya C:\Windows\Minidump.

41 ya Kernel-Power ndiyo inayowapoteza watu. Wanaiona ina rangi nyekundu, wanatafuta dawa ya 41. Haina dawa, kwa sababu si ugonjwa. Huandikwa mashine ikishawaka, Windows ikieleza tu kwamba mara iliyopita haikuzimwa vizuri. Fungua sehemu ya "Details" uangalie BugcheckCode. Ikiwa 0, kwa kawaida umeme ulikatika au mashine iliganda kabisa. Ikiwa si 0, ni msimbo wa skrini ya bluu, ila hapa umeandikwa kwa desimali: 292 ndiyo 0x124, na 26 ndiyo 0x1A.

Hatua ya 4: Kama ilikuwa skrini ya bluu

Msimbo ni dokezo, usiufanye hukumu. 0x116 hunipeleka kwenye draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha, na pengine kadi yenyewe. 0x1A hunipeleka kwenye memori (RAM). 0x124 ni prosesa au kifaa kingine kikilalamika kwamba kimepata kosa lisilorekebishika.

Jiulize nini kiliongezwa au kusasishwa siku chache kabla ya tatizo kuanza. Kama ni draiva, irudishe ya zamani. Kisha fungua dirisha la amri kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza fuatia na sfc /scannow; hizo hukagua na kurekebisha mafaili ya Windows yenyewe.

Memori ipime kwa programu ya MemTest86 kutoka kwenye flashi, iache ikeshe. Hata kosa moja ni ubovu; usijifariji kwamba ni moja tu. Kama uliwasha XMP kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) ili memori ikimbie zaidi, izime kwanza upime upya. Makosa yakibaki, zima mashine, chomoa waya, toa memori zote, rudisha moja tu, upime. Ukiirudisha, isukume mpaka vibanio vya pembeni vilie "ta". Memori iliyokaa upande mmoja juu kidogo huweza kufanya kazi siku nzima, kisha ikaangusha mashine ikishapata joto.

Neno kwa wenye prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na 14 kwenye kompyuta za mezani: mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi yake huharibika kwa kupewa volti za juu kupita kiasi, ikaanza kutoa marekebisho kupitia BIOS mwezi Agosti. Sasisha BIOS mapema. Sasisho hilo hukinga, haliponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

Hatua ya 5: Kama inakatika kimya

Anza na joto. Weka programu ya HWiNFO, ipe mashine kazi nzito, utazame nyuzijoto za prosesa. Nyingi zina kikomo cha nyuzi 95 hadi 100. Zikikaribia hapo hupunguza kasi, na joto likizidi hujizima zisiungue. Mashine inayofika huko ndani ya dakika moja haipoi.

Fungua kasha. Ng'oa feni iliyo juu ya prosesa utazame katikati ya feni na mapezi ya chuma, mahali usipopaona kwa nje. Mara nyingi utakuta vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, unakiinua kwa kidole kizima kizima. Feni ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, ila hewa haipiti. Unapopuliza vumbi, shika feni isizunguke. Ukitoa mapezi yenyewe, pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa, kama imekauka na kupukutika, ifute yote upake mpya kidogo.

Joto likiwa sawa, njoo kwenye umeme. Chomeka mashine moja kwa moja ukutani, bila kamba ya kugawa umeme. Badilisha waya. Kwa laptopu kuna kipimo rahisi: itumie kwa betri pekee. Ikikatika hata hivyo, umeme wa ukutani hauna kosa. Ikitulia, shuku chaja.

Ndani ya kompyuta ya mezani, chomoa na kurudisha plagi kubwa ya pini 24 na ile ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Zitazame karibu, kwenye mwanga. Plastiki iliyogeuka kahawia kuzunguka pini moja ina maana pini hiyo ilikuwa haishiki vizuri na ikapata moto. Tazama pia kapasita (vimikebe vidogo) za mazabodi, yaani ubao mkuu: kichwa kiwe bapa, kisiwe kimevimba.

Mashine inayokatika tu ukicheza gemu au kuhariri video, huku joto likiwa sawa, mimi hushuku pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine, kabla ya kitu kingine chochote. Kadi ya picha huvuta umeme kwa mshtuko, na pawa saplai iliyochoka hushindwa papo hapo. Azima nyingine nzuri, yenye wati za kutosha, ujaribu. Ila usiifungue iliyopo: ndani yake umeme hatari hubaki hata ikishachomolewa.

Hatua ya 6: Badilisha kimoja, kisha subiri

Ukibadilisha memori, draiva na pawa saplai kwa siku moja, mashine itatulia nawe hutajua ni kipi kilikuwa kibovu. Andika kwenye karatasi kila tarehe na saa iliyokatika na ulichokuwa unafanya. Kama ilikuwa inakatika kila baada ya siku mbili, usiseme imepona mpaka zipite siku sita ukiitumia kama kawaida.