Kabla hujazitupa betri zilizokwisha

Usalama wa betri zilizokwisha huanzia nyumbani, kabla hazijafika kwa anayezikusanya. Kwanza zitenge. Mawe ya tochi na redio yasichanganywe na betri za simu na pawa benki, kwani hizi ni za lithiamu na hushika moto kwa urahisi. Betri iliyokwisha hubaki na chaji kidogo, kwa hiyo bandika selotepu kwenye ncha zake. Ile ya volti 9 usiisahau: ncha zake zote mbili ziko upande mmoja, na sarafu moja tu inatosha kuziunganisha. Ziweke kwenye kopo la plastiki, pakavu, mbali na jiko.

Betri ya simu ikivimba, usiichaji tena, usiitoboe wala kuikandamiza ili mfuniko ufunge. Iweke peke yake nje ya nyumba, kwenye chungu chenye mchanga mkavu, na uipeleke mapema kwa anayezikusanya.

Vibetri bapa vya saa na rimoti ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Mtoto akimeza, kinaweza kunasa kwenye umio na kuuunguza ndani ya saa 2. Mkimbize hospitali, usimtapishe, wala usingoje kitoke chenyewe. Kila unapokitoa, kizungushie selotepu pande zote mbili palepale.

Mawe usiyapasue. Wengi tumezoea ule unga mweusi wa ndani, uliopakwa hata kwenye mbao za madarasa, lakini una madini ya manganizi, na mtoto hapaswi kuushika. Usiyachome pamoja na takataka.

Betri za gari na sola zina madini ya risasi na tindikali. Mnunuzi wa vyuma chakavu akikwambia umwage maji yake kwanza, kataa. Ibebe ikiwa nzima, imesimama wima. Muulize pia inaenda kuyeyushwa wapi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo. Mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kwa walio Nairobi, WEEE Centre hupokea taka za kielektroniki. Piga simu kwanza uwatajie aina za betri ulizonazo na kama kuna iliyovimba au kuvuja, wakuelekeze namna ya kuzifunga kabla hujapanda matatu nazo.