Kabla hujalipia laptopu ya ex-UK pale Luthuli

Sisemi usinunue hizi za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza zikaletwa huku, hii ninayochapia ni ya mkono wa pili na mwaka wa tatu huu haijanisumbua. Iliyonichoma ni ile ya kabla yake, nilitoa ghorofani Luthuli Avenue, Nairobi, kioo hakina hata mkwaruzo, nikatuma M-Pesa nikaenda zangu. Wiki mbili baadaye nikairiseti nifute mafaili ya watu, ikawaka na jina la kampuni ya Uingereza inaniuliza imeili ya kazi ya huko. Sasa hiyo mimi natoa wapi? Kumbe kampuni zinauza mashine za ofisi na zingine wanasahau kuzitoa kwa mfumo wao, na hata ufomati vipi, ikishika intaneti kufuli linarudi.

Kwa hivyo riseti ifanyiwe hapo hapo, intaneti iwe ya hotispoti yako, na usilipe mpaka uone deskitopu. Atakwambia "bosi wangu, hiyo itachukua saa nzima", mwambie sawa, vuta stuli ukae. Akikataa hama, maduka yamejaa huo mtaa. Kama ni HP pia izime, iwashe ukibonyeza F10 uingie BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, ikidai paswadi hapo achana nayo.

Betri ndiyo wengi wanafichiwa. Fungua cmd (Command Prompt, dirisha la kuandikia amri kwa Windows), andika powercfg /batteryreport, itakupa faili, linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (inachobeba sasa ikijaa). Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 28,000, hiyo imebaki nusu na kitu, mwambie akupunguzie pesa ya betri mpya. Na mashine ya miaka sita ikisoma mia kwa mia usifurahie haraka, muulize wameweka betri gani.

Halafu prosesa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, so soma namba baada ya i5: 8350U iko sawa, 6300U ni kizazi cha 6, hiyo watakuwa wameiingizia 11 kwa nguvu.

iPhone nayo, ingia Settings, General, About, uone Model Number. Ikianza na F ilirekebishwa na Apple wenyewe, N ilitolewa kubadilisha ya mtu iliyoharibika, M iliuzwa ikiwa mpya, basi anayekuapia "mpya kabisa" na iko F mwonyeshe hiyo herufi umwangalie usoni.

Risiti iandikwe siriali namba, na waranti iseme kama betri na chaja zimo, kwa sababu mara nyingi hazimo.