Kabla ya Kupulizia Povu la Seli Wazi: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba Aliyeko Marekani

Mwenye nyumba anayeishi Minneapolis, Columbus au Houston, akianza kuulizia namna ya kupunguza bili ya kupasha nyumba joto au ya kiyoyozi, hakawii kukutana na fundi anayemsifia povu la kupulizia, yaani kihami joto kinachopuliziwa kwenye kuta na paa kikiwa kimiminika kisha kikavimba. Povu hilo lina aina mbili, la seli wazi, ambalo viputo vyake vimepasuka, na la seli zilizofungwa, ambalo viputo vyake hubaki vizima, na aina hizo zinatofautiana kwa bei, kwa kazi na kwa madhara kiasi kwamba kusaini mkataba ulioandikwa «povu» tu ni kujitafutia hasara. Mwongozo huu unahusu la seli wazi, ambalo ndilo la bei nafuu kati ya mawili, na ambalo kwa maoni yangu huuzwa kirahisi mno kwa watu wa majimbo ya baridi.

Linavyotengenezwa ukutani

Povu hili huletwa kwenye lori likiwa vimiminika viwili katika mapipa tofauti. Pipa la kwanza, ambalo mafundi huliita upande A, lina kemikali kali iitwayo isosianeti. La pili, upande B, lina mchanganyiko wa polioli (kemikali inayoungana na isosianeti kuwa plastiki), maji, vichocheo na dawa ya kupunguza kuwaka moto. Mashine huvipasha joto vimiminika hivyo na kuvisukuma kwa nguvu kupitia mipira mirefu hadi kwenye bunduki ya kupulizia, ambamo hukutana kwa viwango sawa. Maji yanapokutana na isosianeti hutoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoliumua povu, hata kile kilichotua ukutani kikiwa chembamba kama rangi kikavimba mara mia moja hivi katika muda wa sekunde chache. Kuta za viputo vyake hupasuka kabla povu halijakauka, gesi ikatoka na hewa ya kawaida ikaingia. Kinachozuia joto ni hewa hiyo iliyonaswa na kutulia.

Kwa sababu hiyo povu hili ni jepesi, takriban nusu ratili kwa futi moja ya ujazo, ilhali la seli zilizofungwa hufikia ratili mbili. Ukilibonyeza kwa kidole linabonyea na kurudi. Uwezo wake wa kuzuia joto, unaopimwa kwa kipimo cha R (kikiwa kikubwa, joto huzuiwa zaidi), ni kati ya 3.5 na 3.8 kwa kila inchi, na ule wa mwenzake ni kati ya 6 na 7. Ukuta uliojengwa kwa mbao za wima za 2x4 (jina la ukubwa wa ubao kwa inchi, ingawa ubao wenyewe huwa mdogo kidogo) una kina cha inchi 3.5, kwa hiyo povu la seli wazi likiujaza litatoa R-13 hivi. Ukuta wa 2x6, wenye kina cha inchi 5.5, utatoa R-20 hivi. Tarakimu hizi ni za povu lenyewe tu. Mbao za wima zilizo katikati yake hupitisha joto zaidi, na ukuta mzima ukipimwa utaonyesha kiwango cha chini kuliko kile kilichomo kwenye tangazo.

Msomaji makini atagundua kwamba R-13 ni kiwango ambacho sufi ya faibaglasi hukifikia pia, tena kwa fedha kidogo zaidi. Kinacholipiwa hapa, basi, ni kuziba upepo. Povu hujipenyeza kwenye nyufa, kuzunguka masanduku ya umeme na mabomba, na likiwa na unene wa inchi 3.5 hadi 5.5, kutegemea bidhaa, huhesabiwa kuwa halipitishi hewa. Katika nyumba kuukuu inayovuja upepo kila kona, faida hiyo ni kubwa. Katika nyumba ambayo nyufa zake tayari zimezibwa vizuri, ni ndogo, na fundi mwaminifu atakuambia hivyo. Povu hili hupunguza pia sauti za maongezi na televisheni zinazopita kutoka chumba hadi chumba, lakini halizuii kishindo cha nyayo za watoto wa ghorofa ya juu.

Upepo hauliwezi, mvuke unalipita

Jambo hili ndilo linalotenganisha kazi nzuri na paa lililooza, nalo haliko wazi kwa wanunuzi wengi. Povu la seli wazi huzuia hewa isipite, lakini mvuke wa maji hulipenya polepole. Fikiria nyumba ya Minneapolis mwezi wa Januari: sufuria ya maharage iko jikoni kwa saa mbili, watu wanne wameoga, na nguo zimeanikwa ndani kwa sababu nje hakufai. Mvuke wote huo hutafuta njia ya kwenda kwenye baridi. Ukiwa umepulizia povu la seli wazi upande wa chini wa mbao za paa, mvuke utapita ndani ya povu hadi kwenye mbao zilizopoa, na hapo utageuka maji au barafu. Mambo hayo yakirudiwa kila majira ya baridi, kuvu huota, mbao hulainika, na hakuna anayeona, kwa sababu kila kitu kimefunikwa.

Kanuni za ujenzi wa nyumba zinazofuatwa katika majimbo mengi, zijulikanazo kwa kifupi kama IRC, huigawa nchi katika kanda za hali ya hewa zenye namba kuanzia 1, yenye joto kali, hadi 8, yenye baridi kali. Houston iko kanda ya 2, Minneapolis kanda ya 6. Kuanzia kanda ya 5 kwenda juu, na katika sehemu ya kanda ya 4 iliyo kwenye mwambao wa Pasifiki, povu hili huhitaji kizuizi cha mvuke upande wa ndani, ambacho kinaweza kuwa rangi maalumu iliyopimwa kwa kazi hiyo. Njia nyingine ni kupulizia kwanza tabaka la povu la seli zilizofungwa moja kwa moja kwenye mbao za paa, kisha kujazia juu yake la seli wazi. Tabaka hilo la kwanza lazima liwe nene kulingana na kanda, kwa hiyo fundi asilikadirie kwa macho.

Kuna pia suala la nafasi. Paa likidaiwa R-49, povu la seli wazi litahitaji inchi 13 hivi, ilhali makombamoyo ya 2x10 yana kina cha inchi 9.25 tu. Fundi anayesema atajaza hadi usawa wa makombamoyo na kufikisha R-49 kwa povu hili, hesabu yake haikubali. Muulize inchi zinazobaki atazipeleka wapi.

Kwa aliyeko Houston au Florida mambo yanageuka. Huko mabomba ya kupitishia hewa ya kiyoyozi mara nyingi hupita darini, yaani kwenye nafasi iliyo chini ya paa, katika joto linaloweza kuunguza, na kupulizia povu chini ya paa huliingiza dari ndani ya eneo linalopoozwa. Hiyo ni hoja nzuri kweli. Lakini unyevu wa darini huelekea kukusanyika karibu na mgongo wa paa, na dari iliyozibwa bila kupewa hewa kidogo iliyokaushwa na kiyoyozi huishia kuwa na jasho. Kabla ya kukubali, uliza hewa hiyo itatoka wapi, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Kuna mahali ambapo povu hili halifai hata kidogo. Usilitumie kwenye kuta za zege zilizo chini ya ardhi, wala mahali panapofurika maji: shirika la serikali linaloshughulikia majanga, FEMA, huliweka katika kundi la vifaa visivyostahimili mafuriko, huku likilikubali la seli zilizofungwa. Hufyonza maji kama sponji na kukauka kwa taabu.

Maandalizi

Anza na paa lenyewe. Likivuja, litengenezwe kwanza. Mbao zipimwe kwa kipima unyevu, na zikionyesha zaidi ya asilimia 19 zisubiri zikauke. Fundi wa umeme aangalie kama nyumba ina nyaya za kale zilizoshikiliwa kwa vishikizo vya kauri, zinazopatikana katika nyumba za mwanzo wa karne ya 20, kwa sababu kuzizika ndani ya povu hakuruhusiwi, na azikague pia taa zilizozamishwa darini, maana zile ambazo hazikutengenezwa kugusana na kihami joto zinaweza kupata moto kupita kiasi.

Hita ya maji au tanuri la gesi linalovuta hewa yake kutoka ndani ya nyumba na kutoa moshi kwa dohani ya kawaida ni jambo la uhai. Nyumba ikizibwa sana, moshi unaweza kurudi ndani, na kaboni monoksaidi haina harufu. Mtaalamu apime mvuto wa dohani kabla na baada ya kazi. Nyumba iliyozibwa vizuri huhitaji pia feni ya kuingiza na kutoa hewa kwa kipimo, nayo ni gharama ambayo haikosi kusahaulika kwenye makadirio ya bei.

Kuhusu bei, mafundi huhesabu kwa kipimo cha futi moja ya mraba yenye unene wa inchi moja. Ukuta wa futi 1,000 za mraba wenye povu la inchi 3.5 una vipimo 3,500 vya namna hiyo. Waombe mafundi watatu wakupe bei kwa kipimo hicho pamoja na unene, maana bei ya «nyumba nzima» hailinganishiki na nyingine.

Siku ya kazi na siku zinazofuata

Isosianeti ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu itokanayo na kazi, na mtu ambaye mwili wake umeshaanza kuikataa anaweza kushikwa na pumu kwa kiasi kidogo sana baadaye. Kwa hiyo familia yote ihame, pamoja na wanyama wa kufugwa na mama mkwe aliyekuja kuwatembelea, hata akisema yeye hajali harufu. Makampuni mengi hutaka watu wakae nje kwa saa 24. Fuata muda ulioandikwa na mtengenezaji wa povu lako, si ule anaoutamka fundi akifunga lori. Mashine ya joto au kiyoyozi izimwe na matundu yake yafunikwe. Kama mnaishi nyumba iliyounganishwa na ya jirani, naye aarifiwe mapema.

Ukirudi, usiruhusu bodi za jipsamu zifungwe kabla hujakagua. Povu la seli wazi hukatwa kwa msumeno mrefu hadi usawa wa mbao za wima, na uso uliokatwa unapaswa kuonyesha vitundu vidogo vinavyolingana na rangi moja. Chukua waya mwembamba, uuchomeke mpaka ugonge mbao, uweke alama kwa kidole na upime. Fanya hivyo sehemu kadhaa, hasa kwenye pembe na nyuma ya mabomba, ambako mkono wa fundi haufiki vizuri. Povu lililoachana na mbao na kuacha ufa, lenye sehemu zinazonata au zinazovunjika kama biskuti, au linalonuka kama samaki hata baada ya siku kadhaa, ni dalili kwamba vimiminika havikuchanganyika kwa viwango sawa au havikuwa na joto la kutosha. Dawa yake ni kulikwangua na kulirudia; kulipaka rangi juu hakuondoi kitu.

Povu hili huwaka, licha ya dawa zilizomo. Kanuni hutaka litengwe na vyumba vya kuishi kwa kizuizi, na bodi ya jipsamu ya nusu inchi inatosha. Darini, ambako watu huingia tu kutengeneza kitu, kwa kawaida hukubalika rangi maalumu ya kuchelewesha moto, ila mkaguzi wa mji wako ndiye mwenye neno la mwisho, na kibali cha ujenzi kiwepo kabla lori halijafika.

Mwisho ni makaratasi. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, humtaka fundi akupe mkataba au risiti inayoonyesha eneo lililofunikwa, unene na kipimo cha R. Punguzo la kodi la serikali kuu lililokuwa likitolewa kwa vihami joto limekoma kwa kazi zilizokamilika baada ya tarehe 31 Desemba 2025, kwa hiyo fundi anayelitumia kama chambo leo hajui au anadanganya. Mipango ya majimbo na ya makampuni ya umeme ni habari tofauti, na kila mmoja aulizie ya kwake. Piga picha za kuta zote kabla hazijafunikwa, ukiweka futi ya kupimia ndani ya picha. Uingereza, ambako povu lilipuliziwa chini ya mapaa mengi, baadhi ya wakopeshaji hukataa kutoa mkopo wa nyumba kwa sababu mkaguzi hawezi kuziona mbao zilizofunikwa, na mwenye picha, kipimo cha unyevu na jina la bidhaa iliyotumika ana cha kumwonyesha mnunuzi.