Kuchora enso na kuitundika ukutani katika hewa ya Dar

Mimi ni mchora mabango wa Buguruni, brashi ndiyo inayonilisha. Mchana naandika majina ya saluni na maduka ya dawa. Jioni nachora enso, lile duara la mkupuo mmoja ambalo watawa wa Zen, madhehebu ya Kibuddha, wa Japani wamelichora kwa karne nyingi. Vijana wanaopita kibandani huniuliza inafanywaje. Huwa nawaambia kwamba duara lenyewe ni la sekunde chache. Kinachosumbua hapa Dar ni unyevu.

Anza na wino. Wajapani husugua juu ya jiwe, kwa maji, kipande kigumu cha masizi yaliyoshikwa na gundi ya wanyama. Kipande hicho huku ni adimu, ila masizi tunayo. Washa kibatari, kinga sahani ya bati juu ya moto, kwangua kinachoganda. Usimwage maji kwanza, kwani masizi yana mafuta na yataelea tu. Yalainishe kwa matone ya spiriti mpaka yawe kama lami, ndipo uweke gundi ya Arabuni, utomvu mkavu wa mgunga, iliyolowekwa usiku kucha, halafu maji kidogo kidogo. Hata wino wa asili wa khati za Kiarabu ni masizi na gundi hiyo hiyo. Jaribu tone moja kwenye karatasi, likauke, upitishe kidole. Kidole kikitoka cheusi, gundi haijatosha. Tone likipasuka, gundi imezidi.

Karatasi iwe ya kunywa wino. Washi, karatasi ya Japani, hutoka kwenye magome ya kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Kwa mazoezi, mabaki ya karatasi za gazeti yasiyochapwa yanatosha, lakini usiyatumie kwa kazi ya kutunza, yatageuka manjano.

Sasa zima feni. Funga kitambaa kwenye paji la uso, maana tone moja la jasho likidondoka karatasi imekwisha. Tandika karatasi sakafuni juu ya kipande cha blanketi, uibane kwa vyuma kwenye kingo. Brashi iwe nene, ya mviringo, yenye nywele laini. Zile bapa za mabango hazifai. Ilowe wino mpaka kwenye shina la nywele. Ishike wima, anzia chini kushoto, kandamiza, panda juu, zunguka kama mshale wa saa huku ukitoa pumzi. Mkono utoke begani, kiganja kisiguse karatasi. Karibu na mwisho wino huisha na kuacha michirizi myeupe. Hapo ndipo ninapopapenda kuliko pote, naomba usipazibe! Duara likibaki wazi, liache wazi. Enso iliyorekebishwa si enso tena.

Tazama kazi za watawa wa Zen Hakuin (1686–1769) na Sengai (1750–1837). Sengai aliandika kando ya duara lake moja kumwambia mtazamaji alile, kisha anywe chai.

Kubandika mchoro kwenye karatasi ya mgongoni ndiko kwenye kazi. Kanda unga wa ngano, lioshe donge ndani ya beseni la maji, acha wanga utue chini, mwaga maji ya juu. Upike kwa moto mdogo ukikoroga hadi uwe mzito, uchuje, uuzimue kwa maji. Laza mchoro kifudifudi na uunyunyizie maji kidogo sana, kwa sababu gundi ya Arabuni ikilowa huyeyuka tena na wino utatambaa. Paka gundi ya wanga kwenye karatasi nyingine kubwa zaidi, ibandike mgongoni, pangusa kwa brashi kavu kutoka katikati kwenda pembeni. Kisha bandika kingo zake kwenye ubao, ikauke siku kadhaa. Kazi hii ifanye Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe. Ukithubutu wakati wa masika, ukungu utakuwahi.

Fremu ya kitambaa Wajapani huifanya kwa hariri. Mimi natumia kitambaa cha marekani. Sehemu ya kitambaa iliyo juu ya mchoro iwe ndefu kuliko iliyo chini yake. Weka ufito mwembamba juu, na chini mti wa mviringo wenye uzito ili kitambaa kinyooke.

Tundika mbali na jua na mvuke wa jikoni, wala usiiache mwaka mzima. Japani hubadilisha kufuata majira, na iliyoshushwa huviringishwa na kuwekwa kwenye sanduku la mti mwepesi uitwao kiri. Nawe mvua za Machi zikikaribia, ishushe siku ya jua kali, iviringishe taratibu kuanzia chini, uifunge kwenye sanduku kavu.