Jinsi ya Kuchagua Kicheza Muziki cha Mfukoni

Anayenunua kicheza muziki kwa mara ya kwanza huanza na swali la sauti. Ni swali zuri, ila silo linalowaponza watu. Vifaa vingi vinavyouzwa leo, hata vya bei ya chini, hutoa sauti safi ya kutosha kwa hedifoni za kawaida. Kinachofanya kifaa kiishie kwenye droo ni mambo mengine: nyimbo za albamu zinapigwa shaghalabaghala, kadi ya memori haisomwi, kitabu cha kusikiliza cha saa tatu kinaanza upya kila ukizima, vitufe vinajibonyeza vyenyewe mfukoni. Karibu yote haya yanaonekana ndani ya dakika kumi na tano, ukijua pa kutazama. Fuata hatua kwa mpangilio, kwa kuwa mbili za kwanza ndizo zinazobeba nyingine zote.

Hatua ya 1: Kagua muziki ulionao

Fungua folda ya muziki kwenye kompyuta, uandike mambo mawili: ukubwa wake wote kwa gigabaiti (GB) na aina za mafaili yaliyomo. Yapange kwa aina ili herufi za mwisho wa majina zikae kwa makundi.

MP3 haina shida popote. FLAC, ambayo huhifadhi sauti ya CD bila kupunguza chochote, inakubaliwa na vifaa vingi vya sasa, lakini hakikisha. WMA ni ya zamani na baadhi ya vifaa vipya vimeiacha. Opus, fomati nyingine ya kubana sauti, hukosekana mara nyingi kwenye vifaa vya bei nafuu.

Mtego mkubwa uko kwenye .m4a. Herufi hizo hizo hubeba fomati mbili tofauti: AAC, iliyobanwa, na ALAC, isiyopoteza kitu. Kifaa kilichoandikwa "M4A" kwenye boksi kinaweza kupiga AAC tu na kuikataa ALAC. Utazitambua kwa ukubwa: wimbo wa dakika nne wa AAC huwa na takriban megabaiti (MB) 8 au pungufu, ule wa ALAC hupita 20.

Ukikuta .m4p, huenda ni wimbo ulionunuliwa iTunes, duka la muziki la Apple, kabla ya 2009, enzi ambazo mafaili yalifungwa kwa ufunguo wa akaunti. Kicheza muziki cha kawaida hakitaufungua. Hali ni hiyo hiyo kwa nyimbo ulizopakua ndani ya programu za muziki za kulipia kila mwezi: zimo kwenye simu yako, lakini zimefungwa, na ukizinakili kwenye kifaa kingine hazilii. Kama muziki wako mwingi uko huko, jambo hilo pekee linaamua aina ya kifaa utakachonunua (hatua ya 3).

Sasa piga hesabu ya nafasi. Wimbo wa dakika nne:

- MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde: karibu MB 4
- MP3 ya kilobiti 320: karibu MB 10
- FLAC ya ubora wa CD: karibu MB 25 hadi 30
- FLAC ya biti 24 na kilohezi 96 (ubora unaozidi wa CD): mara mbili hadi tatu ya hiyo

Kwa hiyo GB 32 zinabeba nyimbo kama 3,000 za MP3 ya kilobiti 320, au zaidi kidogo ya 1,000 za FLAC. Chukua ukubwa wa folda yako, ongeza nusu yake kwa ajili ya muziki utakaokuja, na hiyo ndiyo nafasi unayohitaji. Usishtuke kompyuta ikionyesha 29.8 kwenye kadi ya GB 32, au 119 kwenye ya 128. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, Windows huhesabu kwa 1,024, na hakuna aliyekuibia.

Hatua ya 2: Andaa kadi ya majaribio

Hii ndiyo hatua ambayo wanunuzi wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Chukua kadi ndogo ya microSD, GB 8 au 16 inatosha, ifomati (yaani ifute na kuipanga upya) kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili kwenye kadi, kisha weka:

1. Wimbo mmoja wa kila fomati uliyoikuta kwenye hatua ya 1, pamoja na FLAC moja ya biti 24 kama unazo.
2. Nyimbo mbili za albamu zinazoungana bila kimya katikati, kama za tamasha la jukwaani.
3. Faili moja refu, la saa mbili au tatu.
4. Folda yenye nyimbo zilizoanza na namba 01 hadi 12. Zinakili moja moja, tena bila mpangilio kwa makusudi: 07 kwanza, kisha 02, kisha 11.
5. Wimbo wenye jina refu sana, na mwingine wenye jina la herufi za Kiarabu au zenye alama juu yake.
6. Dakika moja ya ukimya. Tengeneza kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, uhifadhi kama MP3.

Namba 4 inahitaji maelezo. Vifaa vingi vya bei nafuu havipangi nyimbo kwa jina. Vinafuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye jedwali la kadi, yaani orodha ya mafaili yaliyomo. Ukinakili folda nzima kwa mkupuo huenda usigundue, ila siku utakapoongeza wimbo uliosahaulika, utaukuta umekaa mwisho wa albamu daima. Kifaa kikianza na 07, umeshajua tabia yake.

Hatua ya 3: Chagua kati ya aina mbili

Kuna vifaa vya programu endeshi ya mtengenezaji, vyepesi, vinavyopiga mafaili tu, na kuna vya Android vyenye kioo cha kugusa na Wi-Fi. Kama unategemea huduma za muziki wa mtandaoni, chukua cha Android na uangalie namba ya toleo lake kabla ya kitu kingine chochote: vingi huuzwa vikiwa na toleo la zamani, na programu za muziki huacha kuunga mkono matoleo ya nyuma. Kama muziki ni mafaili yako mwenyewe, aina ya kwanza ni bora kwa watu wengi. Inawaka haraka na betri yake hudumu zaidi.

Epuka vifaa vinavyojinadi kwa jina la "MP4" bila kutaja fomati. Namba hiyo haimaanishi kizazi cha baada ya MP3, na baadhi ya vifaa hivyo hata video ya MP4 havipigi: hutaka uibadilishe kwanza iwe AMV, fomati ya video ya vifaa vidogo vya bei nafuu.

Hatua ya 4: Nafasi ya ndani au kadi

Chagua chenye tundu la microSD kila inapowezekana. Kumbukumbu ya ndani haiongezeki, na kifaa kikifa huondoka na muziki wako.

Soma kikomo cha kadi kinachokubaliwa. Kadi za GB 4 hadi 32 huitwa SDHC na hutumia FAT32. Kuanzia GB 64 huitwa SDXC na hutoka kiwandani na exFAT, mfumo mwingine wa kupanga mafaili. Kifaa kisichojua exFAT kitaandika "hakuna kadi" hata kama kadi ni nzima, na mtu huirudisha dukani bure. Mara nyingi dawa ni kuifomati upya kwa FAT32. Kwa miaka mingi dirisha la kawaida la kufomati la Windows limekuwa likikataa FAT32 juu ya GB 32, hivyo huenda ukahitaji programu nyingine ndogo ya kufanya kazi hiyo.

Kadi bandia ni nyingi mno kupuuzwa. Kadi ya GB 16 hurekebishwa ijitangaze kuwa ya 128. Itapokea mafaili yote bila kulalamika, lakini yanayozidi nafasi halisi yatakuwa matupu au yenye mikwaruzo. Ipime kabla hujaweka wimbo: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux na Mac. Programu hizi hujaza kadi nzima kisha huisoma tena kulinganisha. Kadi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kwa kuandika tu, kwa hiyo iache usiku. Kumbukumbu ya ndani ya vifaa visivyo na jina ipime vivyo hivyo.

Hatua ya 5: Kijaribu mkononi

Ingiza kadi yako ya majaribio na hedifoni utakazotumia kila siku. Kama unanunua mtandaoni, fanya haya siku kifaa kinapofika, kabla muda wa kurudisha haujaisha.

Fungua folda yenye namba uone mpangilio. Piga nyimbo mbili zinazoungana: ukisikia pengo au mlio wa "tik" katikati, ndivyo albamu za aina hiyo zitakavyosikika daima. Sogeza faili refu hadi dakika ya 90, zima kabisa, washa. Kifaa kizuri kinarudi palepale. Hapo hapo angalia kasi ya kusogeza, maana kuna vifaa vinavyokwenda sekunde chache chache, na kufika saa ya pili ni kubonyeza hadi kidole kianze kuuma. Kwa msikilizaji wa vitabu, kasoro hii inatosha kukiacha kifaa hata kama sauti yake ni tamu.

Kisha piga dakika ya ukimya na usikilize. Ukisikia mvumo kama upepo mwembamba, hasa kwa hedifoni ndogo zinazoingia ndani ya sikio, utausikia pia kwenye kila sehemu tulivu ya muziki.

Mwisho, funga vitufe kwa swichi ya kufungia, kitie mfukoni, kiminye kupitia kitambaa. Kifungue, kisha jaribu kuongeza sauti na kuruka wimbo bila kutazama. Vitufe halisi vyenye mwinuko hushinda kioo cha kugusa hapa, na kwa mtu anayetembea au kukimbia nisingependekeza kingine.

Hatua ya 6: Betri na chaja

Saa zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kwa MP3, sauti ya wastani, skrini ikiwa imezimwa na Bluetooth haijawashwa. Ukitumia FLAC nzito au Bluetooth, toa theluthi moja hadi nusu. Betri nyingi za lithiamu hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 300 hadi 500 ya kuchaji, na kwenye vifaa vingi betri imegandishwa ndani. Basi nunua saa nyingi kuliko unazohitaji leo.

Kuna hila moja ya USB-C. Vifaa vingine vya bei nafuu havijawekewa vipinga viwili vidogo vya kuiambia chaja itoe umeme, hivyo havichaji kwa waya wenye C pande zote mbili. Kabla hujasema ni kibovu, jaribu waya wa USB-A kwenda C.

Hatua ya 7: Hedifoni na Bluetooth

Soma ukinzani wa hedifoni zako, yaani kiasi zinavyozuia umeme, unaoandikwa kwa ohm. Za ohm 16 hadi 32 zinaendeshwa na karibu kifaa chochote. Za ohm 250 au 300 zitasikika hafifu kwenye kifaa kidogo, na hapo nguvu ya kutoa sauti inastahili kulipiwa. Kwa hedifoni nyeti, tafuta ukinzani wa kifaa chenyewe kwenye tundu: usizidi sehemu ya nane ya ule wa hedifoni, yaani ohm 2 kwa hedifoni za 16. Ukizidi, besi na sauti za juu zinaweza kupotoka.

Kwenye Bluetooth, thibitisha kwamba kifaa kinatuma sauti kwenda hedifoni, kwa kuwa vingine vinapokea tu. SBC, njia ya msingi ya kubana sauti inayorushwa kwa Bluetooth, ipo kwenye kila kifaa. Njia nyingine, yaani AAC, aptX na LDAC, hufanya kazi pale tu zinapokuwepo pande zote mbili. Ukitaka redio ya FM, kumbuka kwamba kwa kawaida waya wa hedifoni ndio antena.

Angalia pia kama kuna mpangilio wa kuweka kikomo cha sauti. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwa kifaa cha mtoto, kikomo hicho kiwe sharti la kununua.

Hatua ya 8: Kupakia muziki na kuondoa kasoro za mwanzo

Fomati kadi ndani ya kifaa chenyewe kama kina uwezo huo. Nakili albamu moja moja kwa mpangilio, na utoe kadi kwa njia salama. Kuichomoa ghafla ndiko huzaa folda zenye majina yasiyosomeka.

Kompyuta isipokiona kifaa, badilisha waya kwanza, kwa kuwa nyaya nyingi hubeba umeme tu. Majina yakitokea kama alama za kuuliza, hifadhi upya taarifa za wimbo (jina, msanii, albamu) kwa toleo la ID3v2.3. Picha ya albamu isipoonekana, ipunguze hadi pikseli 500 kwa 500 na uihifadhi kama JPEG ya kawaida; ile inayofunguka hatua kwa hatua ("progressive") hukataliwa na vifaa vingi. Ukiona kila wimbo umejirudia na nakala moja hailii, umenakili kutoka Mac, na hayo ni mafaili yaliyofichwa yanayoanza na "._", yafute kwa amri ya dot_clean kwenye dirisha la amri (Terminal) la Mac.

Kifaa kikiganda kinapopitia kadi mpya, mara nyingi chanzo ni faili moja bovu. Ondoa nusu ya folda ujaribu tena. Kikipita, ubovu uko kwenye nusu uliyoondoa. Kisipopita, uko kwenye iliyobaki. Endelea kugawa nusu kwa nusu: hata kwenye folda 500, majaribio tisa yanakufikisha kwenye folda yenye tatizo.