Umefutwa kazi Marekani? Omba hela ya kukosa kazi mapema

Ndugu zangu, kazi ikikatika usikae wiki 3 ukilia ndani, apply wiki hiyohiyo, maana majimbo mengi hayakulipi za nyuma kama ulichelewa bila sababu ya maana. Na hii sio sadaka jamani, ni bima, mwajiri ndo anailipia kodi, so usione aibu.

Unaomba kwenye jimbo ulilofanyia kazi, sio lazima unaloishi. Andaa namba ya soshosekyuriti (Social Security, namba yako ya utambulisho ya serikali), kibali cha kazi kama wewe sio raia, na majina na anwani za waajiri wako wa miezi 18 iliyopita, pamoja na tarehe ulizoanza na kuacha. Sababu ya kuondoka iandike kama ilivyo, kupunguzwa ni kupunguzwa, kwa sababu mwajiri naye ataulizwa.

Sasa wengi wanaangukia hapa: ukishakubaliwa bado kila wiki au kila wiki 2 lazima ujibu maswali, ulikuwa tayari kufanya kazi, umetafuta wapi, umepata hela yoyote? Hata kibarua cha siku moja kitaje, wakigundua baadaye utarudisha na faini juu. Mimi nilikuwa na daftari, tarehe, kampuni, nafasi niliyoomba, basi.

Majimbo mengi mwisho wa kulipwa ni wiki 26, mengine pungufu. Serikali kuu inaidai kodi hela hiyo, unaweza kuomba wakate 10% kabisa kila wanapokulipa. Ukikataliwa kata rufaa haraka, siku ya mwisho iko kwenye barua, na huku unasubiri endelea kujibu yale maswali ya kila wiki.